Boya la Kumi na Sita

Mlioanza na mimi tangu mwanzo mnanijua: Tahiri wa Makorora, fundi wa matangi, mtu wa hasira za karibu. Kwa aliyenikuta leo njiani nitamweleza kwa kifupi, maana dhambi yangu haihitaji maneno mengi.

Kila mwaka tuna Mbio za Saa Sita. Magari yanaondoka saa kumi na mbili asubuhi, yanazunguka barabara za vumbi za mashamba ya mkonge upande wa Mwera, na saa sita adhuhuri bendera inashushwa. Mwenye raundi nyingi ndiye mshindi. Kaka yangu Sadalla anaendesha pikapu ya petroli aliyotuachia marehemu baba. Rafiki yake Nehemia, mtoto wa wakata mkonge, alikuwa na pikapu ya aina ile ile, ila ya dizeli.

Miaka miwili Nehemia alishinda bila kusimama kujaza. Tangi moja la dizeli lilimtosha mpaka adhuhuri, na sisi wa petroli tulilazimika kusimama katikati. Tukapiga kelele. Haya ni mashindano gani, mmoja anakimbia na mwingine anasubiri pampu?

Kamati ikatusikia. Ikaamua kila tangi la dizeli litiwe maboya kumi na matano, haya maboya magumu ya plastiki wanayotumia wavuvi kwenye nyavu, kila moja likila nafasi ya lita moja. Lita sitini zikawa arobaini na tano. Petroli ikaachiwa tangi lake zima. Sasa wote wanaingia kujaza baada ya raundi ya saba. Mimi nikapewa koleo la kupiga sili, kile kidonge cha risasi kwenye waya kinachoonyesha kwamba tangi halijaguswa.

Haki ikapatikana, na Nehemia akashinda tena.

Siku ile ya ushindi wake, kule Pangani tukiwa kwenye pilau, akanishika bega mbele ya watu. "Tahiri, mwakani niwekee maboya thelathini. Kakako bado atanikuta nimeshaoga na kubadili shati."

Watu wakacheka. Sadalla mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Mwaka mzima nilikaa na utani ule kooni.

Mwaka jana, Ijumaa ya kuamkia mbio, matangi yote yalikuwa yamefunguliwa kwenye magari, yameoshwa kwa sabuni ya unga na kuanikwa mkekani, uwanjani kwa kamati, Chumbageni. Ndiyo desturi yetu, kila mtu aone tangi la mwenzake halina ujanja. Adhana ikaadhiniwa, watu wakaenda kuswali, wengine kula. Nikabaki peke yangu na matangi.

Namba za chaki zilikuwa hazijaandikwa, na kamati ilikuwa haijatia yale maboya kumi na matano, lakini mimi na namba wapi na wapi? Nilijua Sadalla na Nehemia wameanika pamoja, kando ya mlango. Nikainama nikanusa midomo ya matangi yao mawili. Moja likanipa harufu ya dizeli. Nikachukua maboya manane ya ziada, nikayafunga kwa mshipi wa kuvulia yabanane kule nyuma yasionekane wala kusikika, nikayatia humo. Lita nane zikapotea. Swala ya Ijumaa ikanipita. Jioni, magari yalipokuwa yameshafungwa matangi yao, nikapita kupiga sili huku nimeinamisha kichwa.

Kesho yake, raundi ya saba, Nehemia alikutwa amekufa kwenye mtelemko wa kuingia kona ya mwisho, gari lake limesimama katikati ya njia. Sadalla ndiye aliyemgonga. Gari la Sadalla lilikuwa mtaroni, limejikunja pua, na yeye amekaa chini, hana hata mkwaruzo. Aliiambia kamati maneno machache tu.

"Ameishiwa mafuta. Kulikuwa na vumbi. Sikumwona."

Ameishiwa mafuta. Neno lile liliniingia, na mpaka leo halijatoka.

Niliwasimulia jinsi mke wangu Sabiha alivyoanza kunisikia nikizungumza peke yangu. Na niliwasimulia ule mlio wa kugonga.

Ulianza mwezi wa tatu baada ya maziko. Mchana kweupe nimekaa uani kwangu nakunywa chai, nikasikia: ko-ko-ko, ko-ko. Kama injini ya dizeli inayoamka asubuhi ya baridi. Nikatoka mbio mpaka barabarani. Hakuna dizeli, hakuna kitu, lori la mchanga tu linakata kona. Nikarudi. Kimya. Siku ya pili tena, baada ya adhuhuri. Ko-ko-ko.

Sabiha alikuwa akisema, "Tahiri, ni hilo gari bovu la kakako hapo uani. Liondoe. Linagonga kila upepo ukivuma."

"Gari limezimwa mwaka mzima, litagongaje?"

"Mimi nijue? Mimi fundi?"

Nilimkaripia. Nilijua ni nani anayegonga. Nilimleta shehe akasoma uani, akapuliza pembe zote nne. Kabla hajamaliza kahawa yake, ko-ko. Shehe aliweka kikombe chini, akasema ana maziko Ngamiani. Hakukuwa na maziko Ngamiani.

Sasa twendeni pale nilipowaacha, Devota yuko mlangoni kwangu.

Devota ni mjane wa Nehemia. Ni mwanamke mrefu, mpole wa sauti, mzee wa kanisa kule kwao Mwera. Hakukaa nilipomkaribisha.

"Shemeji, Jumamosi hii ni mbio tena."

"Nimesikia."

"Kabla ya bendera kamati itasoma taarifa ya mwaka jana, iwe onyo kwa madereva. Wameandika kwamba Nehemia alikufa kwa uzembe wake. Kwamba hakupima mafuta, akaishiwa njiani, akahatarisha roho ya mwenzake. Watayasoma hayo wanangu wakiwa pale."

"Karatasi tu ile, Devota. Watu watasahau."

"Ungeandikwa wewe ungesema karatasi tu?"

Nikamsogezea kiti, akakiacha.

"Nehemia hajawahi kuishiwa hata mafuta ya kibatari," akasema. "Tangi lake halijafunguliwa tangu siku ile. Waliangalia geji, ikawa sifuri, wakaandika. Geji na maboya haviivani, maboya yanaizuia isipande, hilo hata mimi nalijua. Nimemwomba mwenyekiti, amekubali. Kesho saa nne mje nyumbani, tangi lifunguliwe mbele ya watu. Sili ni yako, kwa hiyo na mkono uwe wako."

Jamani, nani aliyewahi kuitwa kwa heshima kwenda kuchimbua aliyoyazika mwenyewe?

Nikasema nitakuja. Ningesema nini?

Usiku ule nililala kama mtu mwenye homa, asubuhi nikapanda pikipiki mpaka Mwera. Njia nzima nilikuwa nahesabu. Kumi na matano ni halali. Boya la kumi na sita likitoka, mimi ni muuaji mbele ya watu. Nilifikiria kuanguka na pikipiki makusudi nivunjike mkono. Wallahi nilifikiria.

Nilikuta watu wanne. Devota amesimama, kanga kiunoni. Mzee Abdulghani, mwenyekiti wa kamati, amekaa kwenye kiti cha plastiki na daftari lake. Jirani mmoja, Mama Leticia, ameletwa awe shahidi. Na kaka yangu Sadalla, amejikunyata kwenye ngazi ya mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Tahiri. Tuanze, jua lisitukute."

Sadalla hakunitazama. Tangu msiba amekuwa hivyo. Kila mwisho wa mwezi anampelekea Devota unga na mafuta ya kula, ameziba paa lake kwa mikono yake, lakini haongei. Watu wanasema ni uchungu wa kumgonga rafiki. Mimi nilijua uchungu ule ni wangu, nimembebesha yeye. Nilikuwa nikikaa naye kula nataka kumwambia, "Kaka, hukumuua wewe, nilimuua mimi," halafu naomba chumvi.

Devota akavuta turubai. Pikapu ya Nehemia ikatoka, bodi yake ya nyuma imebonyea.

"Sili iko salama?" akauliza mzee.

"Iko salama. Ni yangu."

Nikaikata. Nikalala chini ya gari, nikafungua bolti za mkanda, tukalishusha tangi mimi na Sadalla. Lilikuwa zito, lakini akili yangu haikuwepo. Nikafungua kifuniko cha juu. Nikaingiza mkono.

Mkono ukaloa.

Nikautoa. Ulikuwa unachuruzika mpaka kiwikoni.

"Mzee," nikasema. Sauti ilikuwa kama si yangu. "Mzee, humu kuna mafuta."

"Unasema?"

"Kuna dizeli humu."

Tukalilaza tangi, tukamimina kwenye dumu la lita tano. Likajaa, na mengine yakamwagika mchangani. Mzee Abdulghani alisimama, miwani mkononi.

"Na kutoka pale alipokufa mpaka kituo cha kujaza haifiki kilomita moja," akasema polepole. "Lita hizi zilimtosha kufika, na nyingine zibaki."

"Maboya," akasema Devota. "Hesabuni na maboya."

Nikayatoa moja moja, mzee akihesabu kwa sauti, Mama Leticia akiyapanga juu ya ungo. Moja. Mawili. Matatu. Lilipofika la kumi jasho lilikuwa limenijaa machoni. La kumi na tatu. La kumi na nne.

"La kumi na tano," akasema mzee.

Nikaingiza mkono tena. Nikapapasa kule nyuma nilikoyabana kwa mshipi. Nikapapasa pembe zote, nikakwaruza bati kwa kucha. Hamna kitu. Tangi tupu.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mzee."

Ndugu zangu, nitawaambia ukweli hata kama mtanidharau. Nilitaka kucheka. Kitu kilichokuwa kimenikalia kifuani mwaka mzima kiliinuka mara moja. Sikumuua! Hakuishiwa! Sikujua maboya yangu yameyeyukia wapi, wala sikutaka kujua. Nilisema moyoni Mungu ameyatoa, ameona nimejuta. Nikakaa chini pale pale kwenye mafuta, nikaanza kulia, na Mama Leticia akaniletea maji, akidhani namlilia marehemu.

"Basi taarifa ifutwe," akasema Devota.

"Itafutwa," akasema mzee. "Nitaifuta kwa mkono wangu, na Jumamosi nitamwomba radhi mbele ya watu. Lakini mama, kama alikuwa na mafuta, alisimama kwa nini?"

"Hilo ndilo nililowaitia."

Alizunguka nyuma ya gari, akainama, akaonyesha ndoano ya kuvutia. Tuliona fundo la kamba ya katani limekaza, na ncha yake imekatwa kwa kisu, safi.

"Mimi nimezaliwa kambini kwenye mkonge," akasema. "Baba yangu amesokota kamba hizi miaka thelathini. Nehemia hakuwa na kamba kwenye gari, nilimfungashia mimi mwenyewe asubuhi ile, chai na mihogo, basi. Nimelitazama fundo hili tangu gari lirudishwe." Akageuka. "Shemeji Sadalla. Wewe ndiye hukosi kamba ya katani kwenye pikapu yako."

Kuku walikuja wakadonoa mchanga wenye dizeli, wakaukimbia.

Sadalla akasimama. Alishika nguzo ya mlango kwanza, halafu akaiachia.

"Aliyeishiwa ni mimi," akasema.

Mzee Abdulghani akakaa.

"Gari lilizima raundi ya saba, katikati ya mkonge. Nehemia alikuwa nyuma yangu. Nikamwonyesha kwa mkono apite. Hakupita, akasimama. Nikamwambia, wewe mwenda wazimu, nenda, umeshashinda. Akaniambia, 'Nikushinde umekaa chini? Mwaka mzima nitamtania nani?' Akachukua kamba kwangu, akafunga, akanivuta."

"Kuvutana ni marufuku," akasema mzee, kama mtu anayesoma.

"Ndiyo, mzee. Wote tungetolewa. Ndiyo maana kabla ya kona ya mwisho akasimama afungue kamba, ili pale chini niteremke mwenyewe mpaka kituoni, msituone. Alikuja katikati ya magari mawili, anacheka. Pale pana mtelemko, gari langu likaanza kushuka. Injini ikizima breki inakuwa ngumu kama jiwe. Nilikanyaga, Devota. Nilikanyaga kwa miguu miwili."

Devota alikuwa amefunga macho.

"Nilikata usukani nimkwepe, nikaangukia mtaroni, lakini nilikuwa nimeshampata. Alipokata roho nilikuwa nimemshika. Halafu nikasikia magari yanakuja, nikaogopa. Nikakata kamba nikaitupa kwenye mkonge. Nikasema ameishiwa yeye."

"Miezi kumi na mmoja unaniletea unga," akasema Devota.

"Ndiyo."

"Ukikaa pale ukila ugali wangu."

"Ndiyo, shemeji."

Nilidhani Devota atampiga. Alipiga hatua moja, akamrekebishia kola ya shati iliyokuwa imejikunja, akarudi alipokuwa. Sijui kwa nini alifanya vile, lakini Sadalla alipiga magoti akalia kwa sauti, mwanamume mzima.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimekaa pale nimepona. Naona aibu kusema, lakini nilikuwa nimepona. Kaka yangu ameanguka, na mimi moyoni nasema alhamdulillahi, si mimi.

Ndipo mzee Abdulghani akavaa miwani yake.

"Kitu kimoja sikielewi," akasema. "Sadalla, lita sitini zimekufikisha raundi saba kila mwaka, na zinabaki. Mwaka jana umeishiwaje?"

"Sijui, mzee. Naapa sijui. Nimejiuliza mpaka nimechoka."

"Tangi lilivuja?"

"Halikuvuja. Lilijazwa kutoka kwenye pipa mpaka mdomoni, nasimamia mwenyewe. Tangi nililiosha kwa mkono wangu, nikalisuuza kwa dizeli lisishike kutu, nikalianika mkekani ubavuni mwa la Nehemia. Sikuwahi kulitayarisha vizuri vile."

Nikalisuuza kwa dizeli.

Mafundi wote wa Tanga wanafanya hivyo. Tangi la petroli ukiliosha kwa maji unalipitishia dizeli kidogo, bati lisile kutu. Na la dizeli unalisuuza kwa petroli, likauke haraka. Mimi nimewafundisha wengine. Ijumaa ile, nikiwa nimeinama juu ya matangi mawili yasiyo na namba, nimejaa hasira mpaka utosini, nilisahau kitu ninachokifanya kila wiki. Nilinusa dizeli nikasema hili la Nehemia.

Maboya yangu manane yalikuwa kwenye tangi la kaka yangu. Mungu hakuyatoa popote.

Nikasikia tena ule mlio, lakini safari hii ulikuwa kichwani mwangu, na nikaujua. Haikuwa injini. Mshipi umeoza ndani ya petroli, maboya yamefunguka, na kila lori likipita Makorora yanagongana kwenye tangi tupu. Ko-ko-ko. Sabiha aliniambia. Mke wangu aliniambia kwa mdomo wake, na mimi nikamletea shehe.

Tangi la petroli haliwekwi boya hata moja. Litakapofunguliwa hakutakuwa na haja ya kuhesabu.

"Gari lako liko wapi sasa?" mzee aliuliza.

"Liko Makorora," akasema Sadalla, anajifuta uso kwa kiganja. "Uani kwa Tahiri. Sijaligusa tangu siku ile. Sili yake iko vile vile."

Wote wakanigeukia.

Devota aliokota koleo langu kwenye mchanga wenye mafuta. Akalifuta kwa pindo la kanga, upande mmoja, halafu wa pili, bila haraka. Kisha akaniangalia, na mara macho yake yakasimama.

"Shemeji," akasema, "mbona kaka yako ndiye aliyekiri, na anayetetemeka ni wewe?"

Akaniwekea koleo mkononi.

"Twende ukatufungulie na hilo."